Diski ya Wanawake

Hamimu hapendi nimzungumzie. Basi leo nitamzungumzia, na akikasirika ahame mtaa huu wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Duka langu la vitenge na studio yake vinagawana ukuta mmoja mwaka wa kumi na mbili sasa. Akikohoa mi ndiye wa kwanza kusema pole. Nisipomsema mimi, niitwaye Sijaona, Mama Abdu, nani atamsema? Watu wa avenue ya kumi na nne wanamjua kwa kofia na kalamu mbili za mfukoni, yule bwana mwembamba anayepiga picha za pasipoti na kuingiza nyimbo kwenye simu za watoto. Zaidi ya hapo hawajui kitu.

Baba yake alikuwa fundi magari, akataka mwanawe naye aingie chini ya gari. Hamimu akaingia siku mbili tu, mafuta yakamdondokea machoni, akasema hii si riziki yangu. Akaenda Rohero kwa mzee mmoja wa Kigiriki aliyekuwa na studio ya picha, akafagia miezi minane kabla ya kuruhusiwa kugusa hata mfuniko wa kamera. Ndivyo alivyo. Mwambie asubiri, atasubiri mpaka kiti kiote mizizi. Alipotoka huko akapata kibanda soko kuu, kile kibanda cha upande wa watu wa saa, na akamwoa Raihana, rafiki yangu wa tangu madrasa.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo habari yote inapoanzia. Harusi zetu sisi Waislamu wa hapa zina pande mbili. Wanaume wana nikahi yao, chai yao, basi, wamemaliza. Wanawake ndio wenye sherehe. Ukifunga mlango, mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa, dhahabu inatoka, na kina mama ambao mtaani huoni hata kisigino chao wanacheza kama hawana mifupa. Pale mwanamume haingii, hata mpiga video. Hasa mpiga video! Hamimu akaona nusu ya kazi inampita. Akanunua kamera ndogo ya pili, akamfundisha mke wake. Raihana akawa mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kushika kamera kwa kazi, na mi nikawa msaidizi wake. Nilibeba taa, nilibeba betri, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuondoa mashangazi mbele ya bibi arusi. Kwa kazi hiyo Mungu alinipa sauti.

Hamimu aliweka kanuni moja, na hakuwa na nyingine: mpiga video asisikike. "Mutu amelipa kuona mutoto wake," alikuwa anasema. "Hakulipa kusikia we unakohoa." Raihana akamcheka. Kisha Bi Sheikha wa Rohero, mama mwenye duka la mazulia, mtu wa familia ya Kiomani, heshima mbele kama fimbo, akarudisha CD ya harusi ya binti yake Ghada. Kwa nini? Kwa sababu bibi arusi anaingia, watu wote wametulia, na kuna mwanamke anacheka karibu sana na kamera. Ni Raihana. Aliona kofia ya bibi mmoja wa upande wa mume imekaa upande, akashindwa kujizuia. Hamimu akafedheheka. Hakumgombeza mbele yangu, lakini wiki nzima Raihana hakucheka.

Kuanzia hapo tukawa wakali. Kadi ya ile kamera ilikuwa ndogo, inajaa haraka. Basi kila baada ya ngoma moja tulikaa kwenye korido, Raihana anakunywa maji, mi nashika kamera napitia tulizopiga, na yoyote ambayo sauti yake imesikika ndani, nafuta. Nafasi ikapatikana, kazi ikaendelea. Raihana alikuwa anauliza, "Nimeharibu ngapi leo?" Namwambia, "Tano, na ukome." Sauti yangu mimi haikuwa shida, hiyo ilikuwa mbali, inachanganyika na vigelegele. Shida ni yule aliye nyuma ya kamera.

Zilizobaki Raihana alizihamishia kwenye diski moja nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, iliyofungwa kitambaa cha kijani. Diski ya wanawake. Hamimu hakuifungua hata siku moja. Kutengeneza CD alitengeneza Raihana mwenyewe, chumba cha nyuma nyumbani kwao, mlango umefungwa. Ile ilikuwa amana. Na kila mwaka mwezi wa Shabani ukiisha, kabla ya Ramadhani, Raihana alifuta kila kitu, diski inaingia kwenye mfungo ikiwa safi. Familia zote zilijua hivyo, ndiyo maana zilituita.

Mwaka 2013, Januari, soko kuu likaungua. Nyinyi mliokuwepo hamhitaji niwaambie, na msiokuwepo, msiulize. CD zote za Hamimu, miaka ya kazi, zikawa lami. Ilipona ile diski tu, kwa sababu ilikuwa ndani ya mkoba wa Raihana. Rajabu ya mwaka huo huo Raihana akapata homa. Siku ya kwanza alisema ni uchovu. Siku ya sita tulikuwa tunamwosha. Mi ndiye nilimshika kichwa. Aliacha mtoto mmoja, Najla, wa miaka mitano, aliyekuwa anazunguka uwanjani akiuliza kwa nini watu wote wamekuja na viti.

Shabani ikafika. Nikajua Hamimu ameifuta diski, ningefikiria nini tena? Na Bi Sheikha, aliyekuwa ameoza binti wa pili mwaka huo, akatuma mtu kuuliza: sasa mkeo ametangulia, nani anashika video za watoto wetu? Hamimu akajibu, "Wallahi, zimefutwa." Watu wakaridhika. Neno la Hamimu lilikuwa neno.

Hamimu akahamishia studio Buyenzi, ukuta kwa ukuta na duka langu, na miaka ikapita. Sikuona mwanamume akilea mtoto wa kike vile. Alijifunza kusuka, jamani! Nywele za Najla zilikuwa zinakwenda shule zimekaa kona kona kama barabara za milima ya Bugarama, lakini zimesukwa. Hakuoa tena. Nilimletea wanawake wawili kwa mikono yangu, wote wazuri, mmoja ana nyumba yake. Akawapa soda, akawapiga picha za pasipoti bure, akawasindikiza. Nikaacha kujisumbua. Kitu kimoja tu sikukielewa: kila mwaka, baada ya Shabani kuingia, Hamimu alifunga siku tatu mfululizo. Nikimuuliza anasema ni sunna.

Sasa tuje mwaka huu. Najla amefika miaka kumi na minane, amechumbiwa na Anouar, kijana wa vipuri vya magari kule Jabe, mtu mwenye adabu. Harusi Jumamosi baada ya Idi. Hamimu akamuuliza bintiye anataka nini kutoka kwa baba. Mi nilikuwepo, nilikuwa nampima gauni, pini mdomoni.

Najla akasema, "Baba, sitaki mukufu. Nataka kusikia mama anaongea. Hata neno moja."

Hamimu akavua kofia, akaishika mkononi.

"Sura yake ninaijua," Najla akasema. "Kuko zile picha tatu. Lakini nikimuota anafungua mudomo, hakuna sauti inatoka. Ninaolewa Jumamosi, nitakuwa mama siku moja, na sijue mama yangu alikuwa ananiita namna gani. Watu wa video mulikuwa ninyi. Haiwezekani muwe mulipiga watu wote wa Bujumbura na yeye akose."

Karibu nimeze pini. Hamimu alimwangalia binti yake, kisha, astaghfirullah, akatabasamu. Miaka kumi na mitatu sikuona lile tabasamu. "Utasikia," akasema. "Iko."

Kesho yake asubuhi akaja dukani kwangu, akasubiri wateja watoke, akaweka kwenye meza kitambaa cha kijani.

Nilikijua kabla hakijafunguliwa. "Hamimu," nikasema, "niambie hii ni tupu."

"Apana, Mama Abdu. Iko vile aliiacha."

"Weee! Si uliapa? Si ulimwapia Bi Sheikha kwa jina la Mungu?"

"Niliapa. Ndiyo maana ninafunga siku tatu kila mwaka."

"Kafara si kodi ya nyumba, ulipe kila mwaka uendelee kukaa!" Nilipiga kelele mpaka mtu wa duka la mbele akachungulia. "Zile ni nywele za watu, Hamimu! Ni vifua vya watoto wa watu! Bi Sheikha angejua angekufa na wewe ungezikwa naye."

Aliniacha nikafoka mpaka nikaisha. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Sijaifungua. Hata siku moja, na Mungu anajua. Lakini yeye njo alikuwa anashika kamera. Sauti yake haiwezi kuwa mbali. Kila nikilala nilijua iko mule mu kabati. Sasa mi siwezi kuangalia wanawake wa watu. We unaweza. Nakuomba, shemeji, uniangalilie."

Hasira zangu zikaishia pale. Mtu ametembea na dhambi miaka kumi na mitatu kwa ajili ya sauti ya mkewe, ungemwambiaje? Nikachukua ufunguo wa duka, nikafunga.

Tulikaa hivi: mi ndani ya chumba cha nyuma cha studio, na mashine yake ya kompyuta, mlango umerudishwa. Yeye nje kwenye korido, kigoda, mgongo mlangoni, daftari gotini. Mi nafungua faili, nasoma namba kwa sauti, naangalia mpaka mwisho, nasema kama kuna kitu. Yeye anaandika. Alikuwa amepiga mistari kwa rula, maskini, na safu moja ameiandika juu yake "Raihana".

Nilipofungua ile diski nikaona adhabu. Faili elfu moja mia mbili na sita, na hakuna hata moja yenye jina la mtu. Kamera ilizibatiza yenyewe: MVI, mstari, namba nne. MVI_0001, MVI_0002, hivyo hivyo mpaka macho yanalia. Huwezi kujua hii ni harusi ya nani, ya wapi. Nikamwambia Hamimu, basi tuangalie tarehe. Akaguna pale nje. Betri ndogo ya saa ya ile kamera ilikuwa imekufa siku nyingi, kila ukitoa betri kubwa inarudi Januari mosi. Kweli, faili zote zile zimezaliwa Januari mosi, mwaka ambao Raihana hata kamera hiyo hakuwa nayo.

"Unazipanga namna gani basi?" akauliza.

"Kwa tumbo langu," nikasema.

Alicheka, wallahi, alicheka. Lakini ilikuwa kweli. Mwaka ule nilikuwa na mimba ya Abdu. Kila harusi napita mbele ya kamera mahali fulani nikiburuta taa, na tumbo linaonyesha mwezi. Tumbo dogo, hiyo ni harusi ya Shawwal kule Kibenga, ukumbi wa mapazia ya dhahabu. Tumbo la miezi sita, ni ile ya Bi Sheikha. Tumbo limenitangulia mlangoni, tuko Januari, ni wiki moja kabla ya moto. Nina mtoto mgongoni, ni ya mwisho, Raihana amebakiza wiki tatu za kuishi na hajui.

Siku ya kwanza niliangalia mia tatu na kitu. Umeme ukakatika saa tisa, tukaacha. Niliona watu waliokufa wakicheza. Niliona wasichana ambao leo ni wanene kunizidi. Na niliona, hapana, nilisikia, mtu mmoja kila mahali: mimi. "Sogeeni! We mama wa kijani, toka mbele! Mgongo wako si kioo, sogea!" Sikujua nina sauti mbaya vile. Vigelegele, ngoma, na mi juu yake kama kondakta wa basi. Raihana, hakuna.

"Bado," nilimwambia Hamimu nikitoka. "Ndo kwanza tumeanza."

"Iko," akasema. "Usiharakishe, usije ukairuka."

Siku ya pili, katikati ya asubuhi, akaniita kutoka nje. "Mama Abdu, umeruka moja. Kutoka 0387 umeenda 0389."

"Sijaruka. Haiko."

Nikamsikia anachora kitu. Baadaye tena: "Na 0394?"

"Haiko."

"Na 0402, 0403?"

"Haziko, Hamimu! Mi nasoma kilichopo! Kamera yenu ilikuwa mbovu, inajua kuhesabu kama mtoto wa chekechea."

"Ile kamera haikuwa inaruka," akasema. "Inaweza kukosea siku, lakini namba haikosei. Ukipiga, inatoa namba. Kama namba haiko, faili ilikuwepo." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anasema kama fundi anavyosema. "Nimezizungushia duara. Kwa siku mbili ni sitini na moja."

Nikarudi nyuma, nikaifungua tena ile 0389. Ilikuwa imesimama kwenye mashine, imeganda, bibi arusi mkono hewani. Nikaiendeleza. Na pale mwanzo kabisa, kabla hata ngoma haijaanza, nikasikia sauti yangu ya mbali inasema, "Nimekusikia, Raihana, naleta!" Kisha natokea na taa.

Naleta. Mtu ameniomba taa. Ameniomba wapi? Katika 0388.

Niliirudia mara nne. Nikaenda mbele ya kila pengo, moja moja. 0395, najibu, "Ee, nimeona, kofia tena!" na nacheka. 0404, nasema, "Si ukae kidogo, mwenzangu, unachoka." Najibu, najibu, najibu. Kila mahali namjibu mtu ambaye hayupo, kwa sababu aliposema neno, mi mwenyewe niliketi kwenye korido, nikaweka kidole, nikafuta. Tano, na ukome.

Ee Mungu wangu. Tulikuwa tumechagua vizuri sana. Hatukubakiza hata moja. Kama shetani angetuajiri tumfute Raihana duniani asingepata wafanyakazi waaminifu kama sisi.

Siku ile sikumwambia. Nilisema kichwa kinauma. Kilikuwa kinauma kweli. Nilirudi siku ya tatu nikamaliza zote mpaka ya mwisho, kwa ukaidi tu, labda tulichoka siku moja, labda tulisahau. Watu wanasahau, si ndiyo? Faili moja, karibu na mwisho, nilisikia pumzi. Mtu anapumua karibu na kamera, polepole, anajaribu mkono usitetemeke. Nikaruka kwenye kiti. Kisha nikatazama vizuri. Taa katika ile faili ilikuwa imeshikwa na Raihana, kidole chake chenye pete kinaonekana ukingoni. Kamera nilikuwa nimeshika mimi. Hata pumzi ilikuwa yangu.

Nikafungua mlango. Hamimu hakugeuka. Nikakaa chini, sakafuni, karibu na kigoda chake, nikamwambia yote. Sikuficha kitu. Nilimwambia kanuni ilikuwa yake na kidole kilikuwa changu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaanza kuhesabu duara kwa kalamu, anatikisa midomo. "Mia mbili na kumi na nne," akasema. "Aliongea mara mia mbili na kumi na nne."

"Hamimu."

"Kadi yake? Zilizofutwa wanaweza kuzirudisha." Akajijibu mwenyewe. Kamera na kadi viliuzwa kwa mtu wa Uvira, kule Kongo, mwaka ule ule, baada ya arobaini. "Nilimukataza kucheka," akasema. Basi. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta. Mi nililia kwa sauti, kama kawaida yangu, mpaka mteja wa picha za pasipoti akaondoka.

Alhamisi Najla akaja. Alikuwa anapita kwenda kupakwa hina kwa Bi Consolate, yule jirani aliyesilimu, mwenye mkono mwepesi. Alivua viatu mlangoni, akatuangalia usoni sisi wawili, na nadhani alijua. Lakini alikuwa amekuja kwa ajili ya jambo moja, akaliuliza.

"Mama mudogo, umeipata?"

Hamimu alifungua mdomo. Nikamzuia. Nilisema mwenyewe, maana ukimwaga maji wewe, usimpe mwingine tambara. Nilimweleza zile namba, yale mapengo, korido, kidole. Nilisema, "Nisamehe, mwanangu." Sikumbuki ni mara ngapi nilisema hivyo.

Najla hakulia. Alikaa kwenye kile kigoda cha baba yake, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri kwa daktari. Akauliza, "Mu hizo mulizifuta, alikuwa anasema nini?"

"Vitu vya bure tu. Hakuna kitu kikubwa. 'Geuka kidogo.' 'Sijaona, taa.' 'Mwangalie yule bibi.' Wewe ulikuwa unaachwa kwa bibi yako, kila mara anauliza, 'Najla atakuwa amelala?'"

"Sema hiyo."

"Nimesema."

"Apana. Sema kama yeye. Vile alikuwa anaisema."

Nikavuta pumzi. Nilimjua Raihana tangu tuna miaka saba. Nimelala naye mkeka mmoja, nimeimba naye kasida, nimemshika kichwa akiwa maiti. Nikafungua mdomo. "Najla atakuwa amelala?"

Ilitoka yangu. Ile ya sokoni, ile ya sogeeni.

Nikajaribu tena, chini chini, polepole, kwa sababu nakumbuka alikuwa anaongea polepole. Au nakumbuka nilivyokuwa nasema kwamba anaongea polepole. Nikajaribu ya tatu. Siku tatu nilikuwa nimeyajaza masikio yangu sauti yangu mwenyewe, na nilipomtafuta Raihana kichwani sikumkuta. Niliona mdomo wake, niliona pengo la jino lake la pembeni. Hakukuwa na sauti.

"Hiyo ni yako, mama mudogo," Najla akasema kwa upole.

"Ndiyo, mwanangu. Na mi nimeisahau."

Akainama kidogo. Kisha akasema, na pale nikaona mama yake amemzaa kweli, "Basi ile diski muifute. Ni wanawake wa watu. Bi Sheikha atakuja Jumamosi, sitaki kumusalimia na hiyo iko mu nyumba yetu."

Nikaingia chumba cha nyuma, wao wakanifuata. Kwenye mashine zilikuwa zimepangana picha ndogo ndogo, nywele na mabega, basi Hamimu akageukia ukuta, kofia karibu inagusa chokaa. Nikachagua zote. Mashine ikauliza kama nina hakika. Nikamtazama Najla, akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza. Ule mstari wa kijani ukaanza kutambaa, polepole, ikaandika dakika nne.

Tulisimama kuungoja. Mtaani mtu alikuwa anapiga honi. Najla akamgeukia baba yake, mgongo wake ule mwembamba.

"Baba. We ulilala naye miaka saba. We unaikumbuka. Niambie tu ilikuwa namna gani."

Hamimu akasema, akiuambia ukuta:

"Mi nilijua iko mu diski, mutoto wangu. Sikujisumbua kuikamata mu kichwa."

Mashine ikalia kuonyesha imemaliza. Najla akamgusa baba yake begani, akatoka kwenye korido, akavaa viatu vyake, akaenda kupakwa hina.